Kutoka Mtaa wa Shaaban Robert hadi mchanga wa Mwagusi

Mwaka juzi tulisafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam ili tusimame ukingoni mwa Bonde la Olduvai. Ndipo Mary Leakey, tarehe 17 Julai 1959, alipoona meno makubwa yamechomoza kwenye udongo na kulipata fuvu la zamadamu Zinjanthropus, lenye umri wa miaka karibu milioni 1.75. Tulikaa pale dakika ishirini na tano. Mwanangu mdogo alikuwa amelala garini, hoi kwa kutapika tangu Karatu. Dada yake alipita mbele ya makabati ya makumbusho bila kusimama hata mara moja. Dereva anatazama saa, mimi natazama saa. Kibali cha Ngorongoro ni cha saa 24, nasi tulikuwa tumepanga tushuke kreta, tupite Olduvai na tukalale Serengeti, vyote siku moja.

Tuliporudi nyumbani jirani akamuuliza binti yangu ameona nini huko kaskazini. Akajibu, "Tulikaa sana kwenye gari."

Jibu lile liliniuma, maana tulijibana miezi kumi na minne kwa ajili ya safari ile. Halafu wiki chache baadaye nikawa namsaidia kazi ya shule, tukafika kwenye habari za zamadamu. Fuvu halisi, kitabu kikasema, limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mtaa wa Shaaban Robert, pembeni ya Bustani ya Mimea. Kutoka kwetu ni daladala mbili. Nimeishi jiji hili miaka kumi na minne na sikuwahi kuingia humo ndani.

Nasimulia haya kwa sababu mwaka uliofuata tulipanga likizo nyingine, yenye mji, makumbusho na pori ndani yake, na ile ilituingia wote. Hela haikuwa nyingi kuliko ya kwanza, ilikuwa pungufu. Kilichobadilika ni namna ya kupanga.

Tulianza kwa kukaa sebuleni usiku mmoja, kila mtu aseme kitu kimoja tu anachokitaka. Mume wangu alitaka maporomoko ya Sanje, kule Udzungwa. Binti alitaka wanyama, "lakini tukae nao, tusiwapite." Mdogo wake alitaka treni ya mwendokasi na hakuwa na habari na kingine chochote. Mimi nilitaka kulitazama lile fuvu kwa utulivu. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi Dar na alikuwa anatimiza miaka 68, alinyamaza mpaka mwisho, kisha akasema angependa kuingia makumbusho ya Kalenga. Alizaliwa Idodi, kwenye barabara iendayo Ruaha. Maisha yake yote alipita mbele ya Kalenga juu ya lori au basi, asishuke hata siku moja kuliona fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe.

Nikachukua daftari la binti yangu nikayaandika yote matano, nikayatazama. Karibu yote yalikuwa kwenye njia moja: reli mpaka Morogoro, kisha barabara kuu ya Zambia kupitia Mikumi mpaka Iringa, kisha mchepuko wa Ruaha. Safari ya kwanza niliipanga kwa kuokota majina makubwa kwenye ramani na kuyaunganisha kwa nguvu. Hii ya pili ilikuwa na uzi wake tayari, kazi yetu ikawa kutungia shanga tu.

Jambo la kwanza nililobadilisha ni kipimo. Nilikuwa naandika kilomita. Sasa nikaandika saa, tena saa za mlango kwa mlango, na mama mzima mwenye magoti mabovu ndani yake. Iringa hadi Msembe, makao makuu ya Hifadhi ya Ruaha, ni kama kilomita 130, na mtu akikutajia hivyo unaona ni mwendo wa saa moja na nusu. Kwa barabara ile ya vumbi na mawimbi tuliyoikuta, andika saa tatu, na usipange kitu kingine kizito siku hiyo. Kipimo hiki ndicho kilichoiondoa Sanje. Kutoka Mikumi unakata kusini mpaka Mang'ula, kisha kuna kupanda kwa miguu msituni hadi kwenye maporomoko yale ya mita 170. Mume wangu alinuna siku mbili. Nami sikufurahi, kwa sababu milima ile ina kima na mbega ambao huwapati popote pengine duniani. Lakini tulikuwa na siku kumi, na kila nilipoiingiza Sanje ilitubidi kuinyang'anya Ruaha usiku mmoja. Tukaiacha.

Jambo la pili: makumbusho ya Dar tukayatoa kwenye safari kabisa, tukayafanya Jumamosi moja kabla ya kuondoka. Hakuna mizigo, hakuna basi linalosubiri. Nikawaambia watoto hawalazimiki kuona kila kitu. Kila mmoja atafute kitu kimoja, akae nacho, akichore, na usiku atusimulie mezani. Mdogo alikaa kwenye magari aliyotumia Mwalimu Nyerere, akachora taa za mbele tu, moja upande huu na moja upande ule. Binti alichagua zana za mawe. Alikaa mbele ya shoka moja la mkono nusu saa nzima, akaniuliza mbona halina mpini. Sikuwa na jibu, na nilifurahi kutokuwa nalo, kwa sababu swali likabaki hai mpaka Iringa.

Mimi nilisimama kwenye sehemu ya chimbuko la mwanadamu. Watu wengi wakisikia makumbusho wanawaza vumbi na vitu vya zamani. Kwangu siku ile ilikuwa kama mtu kunionyesha picha ya babu yangu ambayo imekuwa kabatini mwetu miaka yote.

Tulipanda treni Ijumaa asubuhi mwishoni mwa Juni. Nauli ya kawaida hadi Morogoro ilikuwa shilingi 13,000, na mwendo haufiki saa mbili. Hapo tukalala. Ndugu zetu walituona wa ajabu, kulala Morogoro wakati ungeweza kufika Iringa siku hiyohiyo, lakini nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni magoti ya mama. Ya pili ni Mikumi. Barabara kuu inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, mabasi yanalazimika kupunguza mwendo, na ukipita asubuhi wanyama bado wako wazi, hawajajificha na jua. Ukiondoka Morogoro alfajiri unapita humo wakati mzuri kabisa, kwa nauli ya basi tu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Pundamilia, nyumbu, kundi la swala pala, kisha twiga watatu karibu na lami, wametulia kana kwamba wanangoja basi lao. Abiria waliokuwa wamelala wakaamka. Mzee mmoja kiti cha mbele akamwita mwanangu, "Njoo huku, mjukuu wangu, kaa dirishani," akampisha. Hakuna aliyemjua mwenzake ndani ya basi lile, na kwa nusu saa tukawa familia moja. Ukiwa na bajeti ndogo kuliko yetu, hiyo peke yake ni mbuga.

Baada ya hapo ni Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake, bonde la mibuyu, kisha mlima Kitonga ambako malori yanapanda kama siafu. Kabla ya kuingia Iringa unapita Lugalo, jina ambalo watoto wangu walilijua kama kituo cha daladala cha Dar. Hapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walivivizia vikosi vya Wajerumani, wakaviangamiza kwa sehemu kubwa na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Mama alielekeza kidole dirishani, akasema, "Pale." Basi halikusimama. Lakini jina likapata mwili, na tangu siku hiyo konda wa Mwenge akiita "Lugalo! Lugalo!" mwanangu hunitazama.

Iringa tulikaa siku nne kabla ya kwenda porini, na hapa ndipo wengi watakaponipinga. Watu hufanya mji kuwa mahali pa kulala tu, wanafika jioni na kukimbilia hifadhini alfajiri. Mimi nasema mji nao ni safari. Iringa Juni ni baridi kweli. Tulifika na sweta mbili kwa watu watano, tukaenda kununua mitumba sokoni siku ya kwanza. Kule sokoni ndiko mama alikofufuka. Dar yeye ni bibi wa nyumbani asiyejua njia. Iringa alitangulia mbele yetu, "Kamwene," anaitikiwa "Kamwene," anashika vikapu vya milulu, anavigeuza chini juu kutazama vilivyoshonwa, anakataa bei. Watoto hawakuwahi kumwona hivyo. Jioni tulipanda Gangilonga, jiwe lile wanaloliita jiwe linaloongea, tukautazama mji wote ukiwaka taa.

Siku ya pili ilikuwa ya Makumbusho ya Boma asubuhi, kwenye jengo la enzi za Wajerumani katikati ya mji, saa moja na nusu basi. Mchana tukalala. Siku ya tatu tukaenda Isimila, kama kilomita 20 barabara ya Mbeya. Hapo kuna bonde lililokauka, nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ndefu kuliko nyumba ya ghorofa, na chini yake mawe. Mwongozaji, kijana mpole sana, alitusimamisha akasema tutazame miguuni. Binti yangu akachuchumaa. Mbele ya ncha ya kiatu chake kulikuwa na shoka la mkono, lenye umbo la chozi, sawasawa na lile alilolichora Dar. Akalitazama muda mrefu bila kuligusa. Kisha akamuuliza yule kijana swali lake la mpini.

"Mpini ni mkono wenyewe, mdogo wangu," akamjibu. "Lishike, kisha lirudishe palepale." Akalishika. Kiganja chake cha miaka kumi na moja kilikaa kwenye ule mviringo wa nyuma kana kwamba kilitengenezewa yeye.

Wataalamu wanakadiria zana zile zina miaka zaidi ya 200,000. Kama tungeanza na Isimila bila lile kabati la Dar, nina hakika angeona mawe tu, na kama tungeishia kwenye kabati asingejua uzito wake. Mwongozaji pia alitueleza kuhusu mifupa ya kiboko wa kale iliyopatikana pale, aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalikuwa yamechomoza juu ya kichwa kuliko huyu wa sasa. Mdogo alilidaka hilo, nami nikalisahau.

Kalenga tuliipa siku yake. Ipo njiani kwenda Ruaha, kilomita kama 15 tu kutoka mjini, ndiyo maana wageni wengi huipitia dakika kumi wakiwa na gari la mbugani nje. Kwa heshima ya mama sikutaka iwe hivyo. Palikuwa makao makuu ya Mkwawa mpaka Wajerumani walipoyavunja kwa mizinga Oktoba 1894. Yeye aliendelea kupigana porini miaka karibu minne, na tarehe 19 Julai 1898 alijipiga risasi kule Mlambalasi ili asitiwe mikononi mwao. Kichwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikuwa na kifungu kinachodai kirudishwe, lakini hakikurudi mpaka 1954, baada ya Gavana Edward Twining kukitafuta kwenye makumbusho ya Bremen miongoni mwa mafuvu mengi yaliyorundikwa huko.

Ni chumba kidogo. Fuvu limo ndani ya kioo, linakutazama. Binti yangu alitoa simu apige picha, mama akaushika mkono wake taratibu akaushusha. Akavua kilemba, akasimama. Hakusema neno. Tukasimama naye.

Mdogo ndiye aliyevunja ukimya. "Bibi, mbona hawamziki?"

Mama hakugeuka. "Alikaa kwa watu miaka hamsini na sita, mjukuu wangu. Acha kwanza watu waone kwamba amerudi."

Nilikuwa nimesoma habari zile zote kabla ya safari, tarehe na vifungu. Sikuwa nimehesabu miaka.

Sasa pori, na mambo ya hela, kwa sababu hapa ndipo tulipokosea na ndipo napenda mwenzangu asikosee. Gari tulilikodi siku tatu tu, kutoka Iringa kwenda na kurudi. Mara ya kwanza, kaskazini, tulilipia gari siku sita, zikiwemo siku ambazo lilikuwa linatuvusha tu kwenye lami. Safari hii treni, basi na bajaji vilifanya kazi ya mjini, na Land Cruiser ikafanya kazi ya pori peke yake. Hapo ndipo tulipookoa pesa nyingi kuliko mahali pengine popote. Kosa letu ni kukubaliana bei kwa mdomo kwenye simu. Asubuhi ya kuondoka tukaambiwa bei ile haina mafuta. Mwenye gari anasema alitwambia, sisi tunasema hakutwambia, mama amekaa kwenye begi nje anatusikiliza tukipandishiana sauti. Tukalipa, nikaumia. Tangu hapo naandika ujumbe na kuomba ujibiwe: bei ina mafuta au haina, chakula na malazi ya dereva ni ya nani, kiingilio cha gari na cha dereva analipa nani. Gari nalo hulipiwa getini, wengi hawalijui hilo.

Getini hawapokei fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa benki au kwa simu. Pata namba hiyo mjini, lipa mjini, kwa sababu njiani mtandao unakuja na kuondoka. Na vitambulisho: kiingilio cha raia ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni kutoka nje, ila lazima uonyeshe kwamba wewe ni raia. Tulibeba vitambulisho vya taifa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Jambo jingine ni nguo. Niliwavalisha watoto traksuti za shule, za bluu iliyokolea, kwa kuwa ni nzito na asubuhi ni baridi. Mbung'o wanaipenda bluu na nyeusi. Waliingia dirishani, wakatupita sote tuliovaa kahawia wakaenda kwa watoto. Mbung'o anauma kupitia nguo, na ni uchungu wa sindano. Mwanangu alilia mpaka sauti ikakauka, na nilijilaumu sana, kwa sababu ni jambo ambalo mtu yeyote wa Tungamalenga, kijiji cha njiani kwenda hifadhini, angeniambia kama ningeuliza. Khaki, kahawia, kijani iliyofifia. Hizo ndizo rangi za kwenda nazo.

Tulilala ndani ya hifadhi siku mbili, kwenye banda za Msembe, tukipika wenyewe. Mchele, maharage tuliyoyachemsha Iringa, nyanya, mayai. Usiku mmoja hautoshi, na hili nalisema kwa nguvu zote. Wanyama wanatembea alfajiri na jioni. Ukilala usiku mmoja unapata jioni moja na asubuhi moja, na moja kati ya hizo itaharibika kwa jambo hili au lile. Yetu iliharibika kwa mbung'o. Saa za mchana usizunguke. Rudi bandani, lala, wacha watoto wacheze karata kivulini. Giza likiingia hakuna kutoka nje hata kwenda kuchukua kitu garini, kwa sababu viboko hupanda kula majani, na tembo hupita. Tuliwasikia viboko wakitafuna karibu na ukuta, kama mtu anayefyeka kwa panga butu.

Ruaha ina kilomita za mraba kama 20,000. Ina tandala mkubwa na tandala mdogo pamoja. Simba tuliwaona mara moja kwa mbali, wanne, wamelala. Ila kitu kilichobaki nasi ni kingine, tulikiona asubuhi ya pili kwenye mto Mwagusi, ambao wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Dereva alizima gari. Tembo jike, na mtoto wake nyuma ya mguu, alisimama katikati ya mchanga ule mkavu, akaanza kukwangua kwa mguu wa mbele. Akachimba, akasimama, akachimba. Akaingiza mkonga shimoni, akavuta, na maji ya kwanza akayamwaga pembeni. Akangoja. Akaingiza tena, akayapeleka mdomoni.

Mama alishika kiti cha mbele. "Hivyo hivyo," akasema. "Hivyo hivyo kabisa. Idodi kiangazi tulikuwa tunachimba mtoni, mimi na dada zangu. Maji ya kwanza yana tope, unayamwaga. Unakaa, unangoja yajikusanye." Akaonyesha kwa mikono yake miwili, akikwangua hewa. Watoto wakaacha kumtazama tembo wakawa wanamtazama yeye. Tembo alipoondoka walikuja nyani, wakanywa kwenye shimo lilelile.

Jioni ile, mtoni kwenye Ruaha wenyewe, viboko walikuwa wamezama, macho na masikio tu juu ya maji. Mdogo akasema kwa sauti ya mtu anayesahihisha, "Yule wa Isimila macho yake yalikuwa juu zaidi."

Pale pia dereva alitueleza kwamba mto ule tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi, sehemu fulani ukibaki madimbwi, kwa kuwa maji mengi hubaki juu kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu. Na maji yakipita hapo yanaenda Mtera, kisha Kidatu, yanazungusha mitambo ya umeme. Nilikaa kimya kidogo. Mchele tuliokuwa tumepika mchana tuliununua Iringa, na muuzaji aliusifia kwamba umetoka Mbarali, hukohuko Usangu. Taa za nyumba yetu Dar nazo, kwa sehemu, zinatokana na mto uleule. Sikuwa na la kusema mbele ya watoto, nikawaambia ukweli tu kama nilivyousikia.

Tuliporudi Iringa tulikuwa na siku moja ambayo kwenye daftari haikuandikwa kitu. Nilipata shida sana kuiacha tupu, mkono uliwasha. Siku hiyo tulifua, tukalala, watoto wakachora, mume wangu akapata chai na wazee gesti, mama akatembelewa na binamu yake ambaye hawakuonana miaka tisa. Kesho yake tukashuka Kitonga kurudi nyumbani.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, mdogo aliomba turudi Shaaban Robert. Safari hii hakwenda kwenye magari. Alienda moja kwa moja kwenye sehemu ya Olduvai, karatasi ya tembo wa Mwagusi mkononi, akamngoja mhudumu amalize na wageni wengine.

"Shikamoo. Huyu Zinj alikuwa anakunywa maji wapi?"

"Marahaba. Palikuwa na ziwa pale Olduvai," mhudumu akamwambia. "Ila maji yake yalikuwa ya magadi. Maji matamu yalikuwa kwenye chemchemi."

"Na kiangazi chemchemi zikikauka?"

Mhudumu akafikiri. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yetu, miguu ameinyoosha. "Mwambie walichimba," akasema.